Vipepeo wa Uani: Jinsi ya Kuwatambua na Kuwawekea Kumbukumbu

Mkazi wa Dabaso aliye na mlimau au mndimu nyuma ya jiko bila shaka amewahi kuliona jambo hili. Majani machanga yanaanza kuliwa pembeni, na juu ya jani moja pana kitu kidogo cheusi chenye doa jeupe, mfano wa kinyesi cha ndege. Ukikigusa, kinasogea. Siku chache baadaye kimegeuka kiwavi mnene wa kijani, na ukimchokoza anachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa pamoja na harufu kali. Hapo wengi wetu hukimbilia bomba la dawa.

Kiwavi huyo ni mtoto wa yule kipepeo mkubwa mweusi, mwenye madoa ya manjano hafifu, anayezunguka bustani zetu miezi mingi ya mwaka. Jina lake la kisayansi ni Papilio demodocus. Mtu humnyunyizia mtoto asubuhi, kisha jioni akaketi barazani kumsifu mzazi. Makala haya yanakusudia kumsaidia mwananchi kujua ni nani hasa anayetembelea bustani yake, na kuandika alichokiona kwa namna ambayo mtu mwingine, hata miaka kumi baadaye, anaweza kuitumia.

Kwa nini Dabaso

Wadi yetu imekaa pahali pa pekee. Upande mmoja ni mikoko ya Mida, upande mwingine ni Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita 420 za mraba na ambao ndio msitu mkubwa kuliko yote iliyobaki ya aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Humo zimeorodheshwa zaidi ya aina 250 za vipepeo. Nchi nzima ya Kenya ina zaidi ya aina 800, kwa hiyo sehemu kubwa ya hao inapatikana katika msitu ambao baadhi yetu huufikia kwa baiskeli.

Hapo jirani Gede, ndani ya eneo la magofu, kuna mradi wa Kipepeo ulioanzishwa mwaka 1993 na unaosimamiwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Wakati ule wakazi wengi wa kandokando ya msitu waliuona kama ardhi waliyonyimwa, na wanyama wake kama adui wa mashamba. Mradi ukaja na hesabu tofauti. Mkulima anafuga viwavi nyumbani kwa kuwalisha majani ya miti ya msituni, kisha anauza pupa, yaani lile gamba ambamo kiwavi hujifungia kabla ya kutoka akiwa kipepeo. Pupa husafirishwa kwa ndege hadi kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Biashara hii haisubiri mtu, kwa sababu pupa iliyochelewa njiani itapasuka ndani ya boksi. Na mwaka 2020, maonyesho ya Ulaya yalipofungwa kwa sababu ya korona, mfugaji wa vipepeo aliona wazi jinsi mfuko wake ulivyofungamana na viwanja vya ndege vya mbali.

Msitu, basi, umetazamwa na wataalamu kwa miaka mingi. Ua wa nyumba haujapata bahati hiyo. Mtafiti hupita kijijini kwa gari akielekea msituni, ilhali kipepeo hajui mpaka wa msitu uko wapi. Anatoka, anavuka shamba la mahindi, ananywa maua ya mpapai wa mtu, anataga kwenye mndimu wa jirani. Mwenye nyumba ndiye pekee aliyepo kila siku kumwona, na ndiyo sababu daftari lake lina thamani.

Kumtambua mgeni

Kwanza hakikisha kuwa ni kipepeo na si nondo. Tazama vile vipapasio viwili vya kichwani. Vya kipepeo ni vyembamba na mwishoni vina kirungu kidogo, kama kijiti cha kiberiti. Vya nondo mara nyingi ni kama uzi mtupu au kama unyoya. Wengi husema nondo ni wa usiku na kipepeo ni wa mchana. Kanuni hiyo husaidia, lakini wapo nondo wa mchana, tena wenye rangi za kuvutia.

Baada ya hapo, usikimbilie rangi. Rangi ndiyo inayotudanganya zaidi. Anza na mambo manne: ukubwa wake ukilinganisha na kitu unachokijua (ukucha, kifuniko cha soda, kiganja), namna anavyoruka, mahali alipotua, na alichokuwa akifanya hapo. Kipepeo anayenyonya ua anakueleza machache tu, kwa sababu ua moja huwaita wengi. Kipepeo anayegusagusa jani moja kwa ncha ya tumbo anakueleza mengi, maana huyo anataga, na wengi wao huchagua majani ya mimea michache tu. Ukiujua mmea, umeshapunguza kazi nusu.

Kwenye miti ya jamii ya ndimu tafuta Papilio. Tuliyemtaja ndiye wa kawaida, na alama yake rahisi ni kwamba hana mikia kwenye mbawa za nyuma, tofauti na ndugu zake wengi. Mayai yake ni ya manjano, huyaweka moja moja kwenye majani machanga. Kwenye mitopetope huenda ukaona vipepeo weupe wenye michirizi na pindo nyeusi, wepesi kweli, wa kundi la Graphium.

Usiipite tsalakushe. Mboga hii, ambayo wengine huing'oa kama gugu na wengine huipika kwa nazi, ni chakula cha viwavi wa Junonia oenone, yule kipepeo mdogo mweusi mwenye doa la buluu linalong'aa kwenye kila bawa la nyuma. Hupenda kutua chini katikati ya njia, mbawa wazi, akaondoka unapomkaribia na kurudi palepale ukishapita. Ndugu yake Junonia hierta ana doa kama hilo, lakini mbawa zake ni za manjano.

Wapo wasiojali maua kabisa. Charaxes ni vipepeo wenye mwili mnene na mwendo wa mshale, wengi wao wana mikia miwili kwenye kila bawa la nyuma, na chakula chao ni utomvu wa miti, matunda yaliyooza na hata kinyesi. Ukitaka kuwaona, weka ndizi iliyoiva kupita kiasi au papai lililochachuka kwenye sahani juu ya ua wa makuti. Mgeni mwingine wa karamu hiyo, hasa kwa nyumba zilizo karibu na kichaka, ni Euphaedra neophron, mwenye mbawa za zambarau iliyochanganyika na buluu na mshipi wa rangi ya chungwa unaokatiza bawa la mbele. Huruka chinichini kivulini, na ukimwona mara moja hutamsahau.

Ugumu uko kwa hawa wawili

Kama kuna jambo moja la kuchukua muda nalo katika makala haya ni hili. Karibu kila bustani ya Dabaso hupitiwa na kipepeo wa rangi ya chungwa, wa ukubwa wa kati, anayeruka polepole kana kwamba hana haraka ya kwenda popote. Mara nyingi ni Danaus chrysippus. Viwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe, kama kile kichaka cha majani mapana ya kijivu kinachoota kwenye mchanga na kando ya barabara. Sumu ya utomvu huo humbakia mwilini hata akiwa na mbawa. Ndege aliyemwonja mara moja humwepuka, na ndiyo sababu haoni haja ya kukimbia.

Sasa yuko mwingine, Hypolimnas misippus. Dume lake halifanani na yule hata kidogo: ni jeusi, lina madoa makubwa meupe yenye ukingo wa zambarau, na hukalia pahali pake penye jua likifukuza kila apitaye. Jike lake, hata hivyo, ni la rangi ya chungwa na limemwiga Danaus karibu kila kitu, hata mwendo. Halina sumu ile. Linaishi kwa sifa za mwenzake.

Utawatenganishaje? Tazama bawa la nyuma. Danaus ana madoa meusi matatu au manne katikati ya bawa hilo. Jike huwa na matatu, dume manne. Hypolimnas ana doa moja tu, karibu na ukingo wa mbele wa bawa. Usitegemee ncha ya bawa la mbele. Wengi hufundishwa kwamba Danaus ana ncha nyeusi yenye madoa meupe, na ni kweli kwa sehemu nyingi za Afrika, lakini hapa kwetu wapo wengi wasio na ncha hiyo nyeusi. Na kana kwamba hilo halitoshi, wapo pia majike ya Hypolimnas yasiyo nayo. Afrika Mashariki ndipo maumbo mbalimbali ya Danaus hukutana na kuchanganyika, jambo ambalo limewavuta wanasayansi hadi hapa kwa miaka mingi.

Mwandishi wa makala haya anakiri kuwa kurasa sita za mwanzo za daftari lake zina jina Danaus kila palipopita kipepeo wa chungwa. Siku alipozipitia picha upya akihesabu madoa ya bawa la nyuma, wawili walikuwa majike ya Hypolimnas, na wanne hawakuweza kuamuliwa kwa sababu bawa lilikuwa limefichwa. Hao wanne sasa wameandikwa "wa chungwa, hajulikani". Hilo ni andiko halali kabisa. Jina la kubahatisha ni baya kuliko nafasi iliyoachwa wazi, kwa sababu atakayelisoma baadaye hana njia ya kujua kuwa ulibahatisha.

Kuna uigaji mwingine wa namna hii kwa Papilio dardanus. Dume ni la manjano hafifu na lina mikia. Jike halina mikia na huvaa sura ya vipepeo wengine wenye sumu, mara nyingi ya nyeusi na nyeupe. Ukiona "aina mbili" zikicheza pamoja, huenda ni mume na mke.

Daftari

Daftari la shule la kurasa 48 linatosha, na kalamu ya risasi ni bora kuliko wino kwa sababu ya jasho na mvua. Kila andiko liwe na tarehe pamoja na mwaka, saa, mahali, hali ya hewa, kipepeo, idadi, mmea na alichokuwa akifanya. Mfano:

"14 Juni 2025, saa nne asubuhi (10:00). Uani, Dabaso, upande wa kisima. Jua, upepo wa kusi kidogo. Mweusi mkubwa wa madoa ya manjano, Papilio demodocus, wawili. Mmoja anataga mndimuni, mayai matatu. Picha zipo."

Angalia jinsi saa ilivyoandikwa mara mbili. Simu inasema 10:00, sisi tunasema saa nne, na mgeni anayesoma "saa 4" ataamini ulikuwa nje alasiri au alfajiri. Chagua mtindo mmoja, au andika yote mawili kama hapo juu.

Kuhusu idadi, andika wengi zaidi uliowaona kwa pamoja. Kipepeo mmoja mwenye njia yake atapita mbele ya mlango mara sita kwa saa moja, na ukijumlisha utakuwa umemfanya ukoo mzima. Kama ni kundi linalosafiri, hesabu kwa njia nyingine. Vipepeo weupe na wa manjano, hasa Catopsilia florella ambaye viwavi wake hula mimea ya jamii ya kasia, huhama kwa makundi. Siku hiyo simama pahali pamoja, chagua nafasi kati ya minazi miwili, hesabu wanaopita hapo kwa dakika tano, na uandike wanakoelekea. Hata watoto wanaweza kazi hii, tena macho yao ni makali kuliko yetu.

Sehemu ambayo karibu kila mtu huiruka ni siku tupu. Ukikaa robo saa bustanini na usione kipepeo hata mmoja, andika: "saa tatu asubuhi, mawingu, robo saa, hakuna." Vipepeo hutegemea joto la jua ili waruke na huongezeka baada ya mvua, miti inapotoa majani machanga. Bila zile siku tupu, hatuwezi kusema kama mwaka fulani wamepungua au ni mwenye daftari aliyekaa ndani. Robo saa ileile, saa ileile, mara moja kwa wiki, ina faida kuliko saa tatu za siku moja ya shauku.

Na majina ya nyumbani? Vipepeo wengi hawana jina la Kiswahili la kila aina. Kama bibi yako ana jina la Kigiriama la kipepeo au kiwavi fulani, liandike kama alivyolitamka, pamoja na kijiji, kando ya jina la kisayansi. Jina la kisayansi ni la kuelewana na watu wa mbali (hata oda za pupa kutoka ng'ambo huja kwa majina hayo), lakini la bibi haliko kwenye kitabu chochote cha dukani.

Picha na simu

Piga picha ya kwanza ukiwa mbali, kabla hajaruka, kisha sogea taratibu bila kumtupia kivuli chako. Unahitaji pande mbili, juu ya mbawa na chini yake, kwa kuwa aina nyingi hutofautiana upande wa chini tu. Piga na mmea alioukalia. Asubuhi na mapema, kabla jua halijapasha moto, huwa mzito na mvumilivu kwa mpiga picha.

Ipo programu ya simu isiyolipishwa iitwayo iNaturalist. Unapakia picha, inapendekeza jina, kisha watu wengine duniani wanalikubali au kulisahihisha. Wakikubaliana angalau wawili kuhusu aina, rekodi hupewa hadhi ya kutumika katika utafiti. Pendekezo la kwanza ni la kompyuta, na wakati mwingine litakuletea kipepeo wa Asia ambaye hajawahi kuiona Dabaso. Lichukue kama fununu. Ipo pia LepiMap, inayokusanya picha za vipepeo na nondo wa Afrika pekee. Zote mbili zinaruhusu kupiga picha leo na kupakia kesho ukifika penye mtandao. Kwa usalama wako, kwenye iNaturalist chagua mahali paonyeshwe kwa kukadiria ili ramani isielekeze wageni mlangoni kwako.

Dawa, maua na sheria

Turudi kwa ule mndimu. Mti mkubwa wenye afya huhimili viwavi wachache bila hasara. Mche wa kitaluni ni jambo jingine, kiwavi mmoja anaweza kuuacha uchi kwa siku mbili. Kwa miche, kagua majani machanga asubuhi na uwaondoe kwa mkono. Wahamishie mti mkubwa kama unataka kuwaona wakikua. Dawa ya kunyunyiza haichagui, huua na nyuki wanaochavusha mboga zako. Hata maji ya mwarobaini, ingawa ni ya asili, huwazuia viwavi kula na kukua. Kilimo ni jukumu la kaunti, kwa hiyo mwenye shamba la ndimu la biashara amwone afisa wa kilimo wa wadi kabla ya kununua kemikali.

Anayetaka kuwavuta vipepeo apande maua ya aina mbalimbali na aache kona moja ya magugu bila kufyekwa. Usipande lantana. Ni kweli vipepeo huipenda, lakini husambaa na kusonga mimea mingine, na kuing'oa baadaye ni adhabu.

Kutazama na kupiga picha uani kwako hakuhitaji kibali cha mtu. Kukusanya ndani ya Arabuko-Sokoke au kufuga kwa ajili ya kuuza ni mambo mengine, yanayoangukia chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, na ofisi za kuulizia ni za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na za Huduma ya Misitu. Jihadhari na mnunuzi yeyote anayekuja kijijini akitaka vipepeo wa msituni bila karatasi.

Ukikwama na jina, chukua daftari na picha zako uende mradi wa Kipepeo pale Gede, kwenye magofu. Na ukimkuta kipepeo amekufa dirishani, usimtupe. Mkunje mbawa taratibu, mweke ndani ya bahasha ya karatasi, andika nje tarehe, mahali na jina kama unalijua, kisha itundike bahasha kwa uzi. Ukiiacha mezani, sisimizi watafika kabla yako.